Fuata Maji: Mwongozo wa Kutembea kwa Miguu Nyika Kavu ya Iringa na Usangu

Mtu akikutajia Nyanda za Juu Kusini unawaza baridi, parachichi, chai ya Mufindi na ukungu wa Uporoto. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Toka Iringa mjini ushike njia ya Kalenga na Idodi kuelekea magharibi. Mashamba ya mahindi yanazidi kuwa machache, migunga inajaa, vumbi linakuwa jekundu, na ukifika Tungamalenga mibuyu imesimama bila jani hata moja. Milima ya Udzungwa imeshika mvua ya Bahari ya Hindi ikabaki nayo upande wake. Huku nyuma yake zinafika takriban milimita 500 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo anga linafungwa.

Jangwa la mchanga mtupu kama Sahara hatuna Tanzania. Tuna nyika hii, na kwa anayetembea kwa miguu inadai nidhamu ileile ya jangwani. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuitembea kati ya Juni na Oktoba, majani yakiwa yamelala na wanyama wanaonekana. Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni kwamba katika nchi kavu kila kitu kimepangwa na maji, yaliyopo au yaliyowahi kuwepo. Ukijua maji yako wapi unajua wanyama watakuwa wapi, wewe usikae wapi, na hata mandhari unayoyapiga picha yalichongwa na nani.

Anzia Isimila

Usianze na simba. Anza na Korongo la Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya. Panda gari la Ifunda au Mafinga, mwambie kondakta akushushe kwenye kibao cha Isimila, kisha tembea au chukua bodaboda hadi ofisini. Utalipa kiingilio na kupewa mwongoza wageni. Mchukue, hata kama unadhani njia unaijua.

Hapo zamani palikuwa na ziwa dogo. Watu walikaa ukingoni mwake wakichonga mawe kuwa mashoka na visu vya kuchunia nyama, na vipimo vilivyofanywa na wanasayansi viliwahi kutoa umri wa kama miaka 260,000. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita aliyaona mawe hayo. Mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia F. Clark Howell na wenzake wakachimba. Walipata pia mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya fuvu kuliko ya kiboko wa leo. Simama katikati ya vumbi lile, koo limekauka, uwaze kwamba hapo kiboko aliogelea.

Ziwa lilipokwisha, mvua za kila masika ziliendelea kukata udongo wake. Sehemu laini ikachukuliwa, ngumu ikabaki imesimama: nguzo za mchanga ulioshikamana, nyekundu na za rangi ya maziwa, zenye kimo cha nyumba ya ghorofa, nyingine zimevaa jiwe kichwani kama kofia. Jiwe hilo ndilo linalozuia mvua isile nguzo iliyo chini yake. Likianguka, nguzo nayo siku zake zinahesabika. Basi usiziparamie. Wala usiweke jiwe mfukoni, hata dogo, kwani linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na likishatoka mahali pake halimwambii mtaalamu lolote.

Mara ya kwanza nilishuka korongoni saa sita mchana na chupa ya nusu lita. Kuta zile hushika joto kama tanuri la matofali na upepo haufiki chini. Nilipokaa kivulini nikiwa kimya kuliko kawaida yangu, mzee aliyekuwa akituongoza alinipa kidumu chake akasema, "Kijana, hili korongo halina feni." Nenda saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi jioni jua likiwa limelala na nguzo zinawaka kama makaa.

Sababu nyingine ya kuanzia hapa ni kwamba Isimila ni darasa. Hakuna tembo wa kukutia kiwewe, kwa hiyo jicho lina nafasi ya kujifunza. Tafuta mjusi mwenye kichwa cha rangi kali akipiga pushapu juu ya mwamba. Angalia mabaka meupe kwenye majabali ya Iringa: ni mkojo wa pimbi, vizazi kwa vizazi wamekojoa mahali pamoja, nao wenyewe utawaona wakiota jua kama vijiwe vyenye masikio. Ukishaweza kumwona pimbi kabla hajakuona, umeanza kuiva.

Tahadhari ya lugha kabla hatujaendelea. Neno "korongo" katika safari hii lina maana tatu: bonde lililokatwa na maji, ndege mwenye miguu mirefu, na mnyama mkubwa wa jamii ya swala mwenye uso mweusi na mweupe. Mwongozaji akinong'ona "korongo hilo," usikimbilie kutazama juu.

Maji yako kwanza

Beba lita 3 kwa mtu kwa matembezi ya asubuhi, lita 4 au 5 kama ni ya kutwa. Usitegemee mto. Ramani ikionyesha mstari wa buluu magharibi ya Iringa mwezi wa Septemba, hiyo ni kumbukumbu ya masika. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi, usisubiri kiu. Kipimo chepesi ni mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Beba pakiti mbili za ORS. Mwenzako akiacha kutoka jasho, akaanza kuchanganya maneno au kukasirika bila sababu, safari imeisha. Mlazeni kivulini, mvueni viatu, mlowesheni shingo na makwapa, mpepeeni, na mtu mmoja atafute gari.

Ubuyu wa kumumunya ununue sokoni Iringa. Unaleta mate, na ukali wake unakukumbusha kunywa. Ulanzi uache kwa siku nyingine. Kwa bahati msimu wake ni masika, hivyo kiangazi kishawishi kinapungua chenyewe.

Nguo ziwe ndefu, nyepesi, za rangi ya udongo au majani makavu. Buluu na nyeusi huwavuta mbung'o, nao hupenya suruali ya jinzi kwa sindano yao. Nguo zenye mabaka ya kijeshi usizivae kabisa. Kwa raia ni kosa, na hutaki kulieleza hilo kwa mtu mwenye bunduki porini. Soksi nene, buti ulizokwisha kuzizoea, kofia yenye ukingo mpana, na shuka, kwa maana Juni na Julai alfajiri ya nyanda hizi haina huruma hata kama mchana utaungua. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasha kwa kitambaa. Mtandao wa simu utakuaga mapema, basi mwachie mtu mjini jina la mahali unapokwenda na saa unayotarajiwa kurudi.

Ruaha, kwenye mto wa mchanga

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilianzishwa mwaka 1964. Ilipoongezewa eneo la Usangu mwaka 2008 ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, ikawa kubwa kuliko zote nchini hadi Hifadhi ya Nyerere ilipotangazwa mwaka 2019. Kutoka Iringa hadi makao makuu yake Msembe ni kama kilomita 130. Ndani yake hutembei peke yako. Unaomba mapema, unalipa kwa namba ya malipo na siyo fedha mkononi, unapewa mhifadhi mwenye silaha. Mwite afande, msalimie vizuri. Kwa wenyeji ukianza na "kamwene" utaona uso unafunguka.

Kabla ya kuondoka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atawapanga mstari mmoja, yeye mbele. Msikilize kuliko unavyonisikiliza mimi. Hakuna kuzungumza, hakuna manukato, simu imezimwa mlio. Akiinua mkono, simama palepale ulipo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Utamwona akitikisa kifuko cha kitambaa chenye majivu na kutazama vumbi linaelekea wapi. Anasoma upepo. Tembo haoni vizuri kwa mbali lakini pua yake ni hatari kwa wote. Upepo ukitoka kwenu kwenda kwake, ameshawajua.

Sasa shukeni kwenye mto wa mchanga, tuseme Mwagusi. Jambo la kwanza utakaloliona ni mashimo. Tembo wamefika usiku, wakapiga mchanga kwa mguu wa mbele, wakauondoa kwa mkonga, wakasubiri maji yajichuje taratibu chini. Wakishaondoka wanafuata nyani, ngiri, kanga, nyuki. Kisima kimoja cha tembo kinanywesha kijiji kizima cha porini, na pembeni yake mchanga umeandikwa kama gazeti la asubuhi. Wayo wa mbele wa tembo ni duara, wa nyuma umerefuka. Wayo wa simba hauna alama za kucha kwani huzificha akitembea. Wa fisi unazo. Kinyesi cheupe kama chokaa ni cha fisi, mla mifupa. Kinyesi cha tembo kikivunjwa na ndani bado kuna mvuke, afande atapunguza mwendo bila kukuambia kwa nini.

Juu ya kingo angalia mibuyu iliyotobolewa na kuchanwa magome. Huo ni ukame pia: mti ule hushika maji kwenye nyama yake laini, na tembo anaijua siri. Karibu na mawe kuna mmea mfupi wenye shina nene kama chupa, maua ya waridi yanayochanua wakati kila kitu kimekauka. Piga picha, usiuguse ukajifuta macho. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji wa zamani walipaka mishale. Maganda ya upupu nayo wakati huu yamekomaa na manyoya yanaruka kwa upepo. Ukijikuna umekwisha, osha kwa maji mengi bila kusugua.

Wanyama wa kutafuta kwa subira: tandala mkubwa mwenye pembe za kujipinda, anayesimama kwenye kivuli chenye milia kama yeye mpaka humwoni, tandala mdogo, ambaye hapa yuko karibu na mwisho wa makazi yake ya kusini, palahala mweusi, kama una bahati kuliko mimi. Digidigi watakuwa wawili wawili. Na usimdharau hondohondo mwenye mdomo mwekundu, jicho la manjano na ngozi nyeusi kulizunguka. Huyo amepewa jina la Ruaha yenyewe.

Mkikutana uso kwa uso

Kanuni ya kwanza: usikimbie. Mguu wako hauwezi kushindana na mnyama yeyote wa hapa mwenye uwezo wa kukuua, na kukimbia kunamwambia simba kwamba wewe ni chakula. Simba akiwaona kwa miguu mara nyingi huondoka. Asipoondoka, simameni pamoja, mkabilini, kisha rudini nyuma polepole bila kumpa kisogo. Mkimkuta na watoto au na mzoga, umbali mliokuwa mnauona unatosha hautoshi tena.

Tembo ana lugha ndefu kidogo. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anawatisha ili muondoke, na mnapaswa kuondoka, polepole, kufuata upande usiompelekea harufu. Akilaza masikio nyuma, akakunja mkonga chini ya kifua na kuja kimya, hatishi. Hapo ni kazi ya afande, na kazi yako ni kufanya analokuambia papo hapo. Dume mwenye majimaji meusi yanayotiririka kati ya jicho na sikio na mkojo unaodondoka miguuni yuko katika msimu wa kutafuta jike. Mpe nafasi ya uwanja wa mpira na zaidi.

Mnyama ninayemwogopa kweli si hao. Ni nyati dume mzee anayeishi peke yake au na mwenzake mmoja, amelala kwenye kichaka cha kando ya mto. Kundi la nyati mia huonekana na kusikika. Mzee huyu unamkanyaga usingizini. Ndiyo maana waongozaji wazuri hawapiti vichaka vya ukingoni kwa njia ya mkato. Wakizunguka mbali, usinung'unike.

Kwenye madimbwi yaliyobaki ya mto Ruaha Mkuu, kiangazi kinawabana viboko na mamba pamoja kama abiria wa basi la mwisho. Yatazame kutoka juu ya kingo. Usisimame kati ya kiboko na maji, hasa asubuhi anaporudi kutoka malishoni, na usiinamie maji kunawa uso hata kama ni kimo cha kifundo.

Wadogo wanaumiza wengi zaidi. Kifutu, wengine humwita moma, ana rangi ya majani makavu na hakimbii anaposikia hatua zako, anakungoja umkanyage. Tazama unapoweka mguu, na usivuke gogo kwa kuruka: panda juu yake kwanza, uone ng'ambo. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usimpake mafuta ya taa wala jiwe. Mvue pete na bangili, ufunge mguu au mkono kwenye kijiti kama uliovunjika, abebwe asitembee, na apelekwe hospitali kubwa. Kutoka maeneo ya Tungamalenga hadi mjini ni mwendo wa saa kadhaa, kwa hiyo gari la dharura lipangwe kabla ya safari.

Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge. Nyuki nao kiangazi wanafuata maji kama wengine, hata ya chupa yako na jasho lako; usiwapungie mikono. Wakishambulia kwa wingi, hapo ndipo kanuni ya kutokukimbia inapobatilika: funika uso, kimbia moja kwa moja hadi kwenye gari au nyumba. Na ukipata homa wiki chache baada ya kuumwa na mbung'o, mwambie daktari ulikuwa wapi, asiishie kupima malaria.

Saa nne asubuhi muwe mmerudi. Baada ya hapo wanyama wamelala kivulini, na mtu mwenye akili anawaiga.

Hamsini na Saba

Kipande cha mwisho kifanye upande wa Mbeya, na hiki hakihitaji bunduki. Fuata barabara kuu hadi Chimala, mji mdogo wa vumbi na mchele wilayani Mbarali. Hapo inaanza barabara ya mlimani kwenda Matamba, iitwayo Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Magari huipanda yakikohoa. Wewe ipande kwa miguu alfajiri, hata kona ishirini tu zinatosha, ukishika ukingo wa ndani na kusikiliza honi. Kila kona hewa inabadilika. Chini umeacha migunga na joto. Juu, ukiendelea hadi Kitulo, utavaa koti.

Kisha geuka nyuma. Usangu yote iko miguuni pako, tambarare kama mkeka. Mito inayoshuka kutoka milima hii, Chimala, Kimani, Mbarali na mingineyo, inakusanyika kwenye Ihefu, eneo chepechepe ambalo jina lake wapenda soka wanalijua kwa timu iliyokatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 bila kufungwa, Novemba 2022. Kutoka Ihefu maji yanapita kwenye kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, yanaingia hifadhini, yanaendelea hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Au yalikuwa yanapita. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na katika sababu zinazotajwa sana ni mifereji ya mpunga unayoiona kutoka hapo ulipo. Mimi ninakula wali wa Mbeya na ninaupenda, kwa hiyo sina wa kumnyooshea kidole. Lakini yale mashimo ya tembo uliyoyaona Mwagusi yanaanza kueleweka vingine ukiwa kona ya ishirini.

Ukienda Oktoba, kabla vumbi la mchana halijapanda, beba darubini. Tafuta mraba wa kijani wa mpunga wa mapema, fuata mfereji wake kwa jicho kuelekea kaskazini, uone unapokomea. Mbele ya hapo ni rangi ya ngozi ya simba hadi upeo wa macho. Anza kushuka kabla ya saa tano; kona za chini hazina kivuli.